Uzoefu wangu: slevu silinda mbili za Land Rover 109, na gia boksi niliyotaka kushusha bure

Naandika hii kwa yeyote mwenye Land Rover ya zamani ambaye fundi ameshamwambia "bosi hapa tunashusha gia boksi". Subiri kwanza. Mimi ilibaki siku mbili tu ishushwe na hela nilishaitenga, na ugonjwa haukuwa huko kabisa, ulikuwa kwenye slevu silinda, kile kisilinda cha chini kinachosukumwa na mafuta ya pedeli ili klachi iachie.

Gari ni 109 Series III ya petroli, injini ya lita 2.25, nilinunua kwa mjomba wangu Sikonge mkoani Tabora, ilikaa chini ya mwembe misimu miwili ya mvua kuku wanataga siti ya nyuma. Hizi Series III zilitoka kiwandani 1971 mpaka 1985 kwahiyo hata ile ya mwisho kabisa leo imeshavuka miaka 40, huwezi kutegemea mpira wowote ndani yake uwe mzima. Naipenda sana hii gari, naifufua kidogo kidogo kila mshahara ukitoka, lengo langu iingie porini huko Ipole kubeba ndoo za asali maana pikipiki ukiipakia ndoo tatu na ile njia ya mchanga unafika umeisha.

Sasa tatizo lilikuwa hivi. Asubuhi nikikanyaga klachi pedeli inazama mpaka chini kama unakanyaga sponji, gia ya kwanza inaingia kwa kulazimisha na rivasi ndio usiseme, inakwaruza mpaka watu wanageuka. Ila ukipampu haraka haraka mara tatu nne gia zinaingia laini tu. Hilo la kupampu liweke akilini, jibu lote lilikuwa hapo na mimi nililipita miezi miwili nzima.

Gereji ya kwanza, siitaji jina, fundi hakufungua hata boneti. Alikaa, akakanyaga mara moja, akajaribu rivasi ikalia, akashuka akasema klachi pleti imeisha tafuta seti nzima, kushusha na kupandisha laki mbili na nusu. Na kushusha kwenye 109 sio kazi ya dakika, unang'oa bati za sakafu, unang'oa lile sanduku linalobeba siti za mbele, halafu gia boksi na transfa (ile ya nyuma yake inayogawa nguvu kwa tairi za mbele na za nyuma) vinatoka pamoja kupitia mlangoni kwa cheni bloku. Bodi ni alumini na bolti ni za chuma, zikikaa miaka hiyo yote zinalana, nusu yake utakata kwa msumeno. Ukitoka hapo hujagusa klachi bado.

Nikakubali kwa sababu sikuwa najua. Nikaagiza seti Dar, pleti, presha pleti na rilizi beringi, saizi ya inchi 9.5, ikaja na basi. Seti yenyewe sina cha kuilaumu, imefungwa vizuri, pleti imenyooka. Ipo kwenye boksi lake juu ya kabati mpaka leo, hiyo ndio riviu yake, hela imelala.

Kilichoniokoa ni mzee mmoja mstaafu wa karakana ya reli, anakaa jirani na shemeji yangu huku Cheyo, Tabora mjini, nilienda kumuazima spana za inchi maana hii gari ukienda na spana za mili unakula vichwa vya bolti tu. Nikampa shikamoo, akaitika marahaba baba, hizo spana unafungua nini? Nikamwambia klachi imeisha mzee, kesho kutwa tunashusha. Akanyamaza kidogo, akauliza, nani kaipima? Nikakosa jibu. Akachukua kofia akasema twende.

Alichofanya kilichukua nusu saa na hakutoa bolti hata moja. Kwanza akaniambia niwashe, nivute handibreki, niweke gia ya nne, niachie klachi polepole. Kwenye Land Rover hizi handibreki haishiki matairi ya nyuma, inashika shafti pale inapotokea transfa, kwahiyo kama klachi pleti imeisha injini inaendelea kunguruma na klachi inateleza. Ya kwangu ilizima palepale. Akasema hiyo pleti inashika, mwambie aliyekwambia imeisha aje aione.

Halafu gari ikiwa sailensa, yaani inanguruma bila kukanyaga mafuta, akaniambia nikanyage klachi mpaka chini, nisubiri kama sekunde kumi, niingize rivasi. Ikalia. Maana yake klachi haiachii. Hapo akanifafanulia kitu ambacho ningekijua mapema nisingeagiza seti, kwamba klachi kutokuachia na klachi kuteleza ni magonjwa mawili tofauti na watu wanayatibu kwa dawa moja. Nikamuuliza je kama pleti imeganda na kutu kwenye flaiwili, lile gurudumu la injini ambalo pleti inalishika, maana gari ilikaa mvuani? Akasema swali zuri, ila ingekuwa imeganda hata ukipampu mpaka jioni isingeingia, ikiwa kupampu kunasaidia basi kinachokosekana ni nguvu ya mafuta kufika chini.

Akalala chini ya gari na rula ya shule ya mwanangu, mimi nakanyaga. Mkanyago wa kwanza ile fimbo ya slevu silinda ilisogea kidogo sana, wa tatu ikasogea zaidi ya mara mbili. Akaangalia pia kile kitundu cha chini ya hausingi ya klachi, pakavu. Kama pangekuwa na mafuta unanusa, oili ya gia inanuka kama kiberiti, ya injini hainuki hivyo, unajua sili ipi imevuja. Na akasikiliza milio, ukikanyaga klachi ukasikia mlio unaanza ni rilizi beringi, ukisikia mlio gari ikiwa nyutro halafu ukikanyaga unapotea hiyo ni beringi ya ndani ya gia boksi. Yangu ilikuwa kimya kote kuwili.

Tukafungua slevu silinda. Mafuta yaliyotoka yalikuwa mekundu meusi! Kuna mtu huko nyuma alijazia hydroliki ya gia otomatiki kwenye kikopo cha klachi badala ya mafuta ya breki. Mipira ya huko ndani haitaki kabisa mafuta ya aina hiyo, inavimba na kulainika. Sili ya pistoni ilikuwa imekuwa kama bablishi iliyotafunwa, laini na imepoteza umbo, na lile paipu la mpira ukipuliza kwa mdomo hewa inapita kwa shida.

Sasa ndio tuje kwenye vitu nilivyonunua. Masta silinda, ile ya juu kwenye pedeli, tuliweka ripea kiti tu (seti ya mipira mipya ya ndani) kwa sababu ukuta wake wa ndani ulikuwa safi hauna mikwaruzo, mpaka leo iko sawa. Paipu jipya, sawa. Slevu silinda nikachukua ya bei ya chini duka moja la spea hapa mjini, nikaifunga kwa furaha, gia zikaingia kama siagi. Wiki ya tano pedeli ikaanza kuzama tena. Nikafunua mpira wa vumbi kumelowa. Tulipoifungua ukipitisha kidole ndani unasikia mistari ya mashine, haikusuguliwa vizuri, imekwangua sili yake yenyewe. Nilirudisha dukani, jibu ni lile lililoandikwa ukutani kwamba mali ikiuzwa hairudi. Iliniuma kwa sababu sikuwa naomba hela, nilitaka tu wanibadilishie.

Ya pili nililipa karibu mara tatu, niliagiza mbali. Ni nzito zaidi mkononi, ndani inang'aa. Huu ni mwezi wa nne tangu niifunge, nimeenda Ipole safari sita na mzigo na chini ya mpira wa vumbi pakavu kabisa. Kwahiyo ukinunua slevu, fungua palepale dukani utie kidole, muuzaji akikataa usifungue basi ondoka.

Kutoa upepo nako kulitusumbua siku nzima mara ya kwanza. Mzee akakumbuka dawa yake, ile slevu usiifunge kwanza, ishike skrubu ya kutolea upepo ikiangalia juu, sukuma pistoni yote ndani na uibane isitoke, ndio mwenzako apampu. Pistoni ikiwa nje kunabaki nafasi na upepo unajificha hapo. Dakika kumi pedeli ikawa ngumu. Na mafuta ni ya breki tu, DOT 3 au DOT 4, kopo jipya sio lile lililokaa wazi mwaka mzima maana yanavuta maji hewani.

Baada ya hapo ikabaki gia ya pili kukwaruza asubuhi, hasa mwezi wa saba huku Tabora kunakuwa na kibaridi, ukishapata moto inatulia. Tukamwaga oili ya gia boksi, ikatoka namba 140, nzito kama asali ya asubuhi. Tukaweka namba 90, lita moja na nusu kwenye gia boksi na lita mbili na nusu kwenye transfa, nikatafuta yenye alama ya GL-4 (daraja la oili ya gia) kwa sababu ya zile ringi za shaba za ndani. Kwenye kizibo kulikuwa na tope la kijivu tu, hakuna vipande vya meno. Mkwaruzo wa asubuhi umepungua sana, sio kwamba umeisha.

Slevu ya kwanza naipa nyota moja, ya pili nne kwa sababu bei imenibana. Mzee nilimpa ndoo ya asali na hela kidogo, hela akanirudishia akabaki na asali, akasema paipu la mpira tulilitazame tena kila mwaka.

Sasa hivi kilichobaki ni gia ya pili kuchomoka nikiachia mafuta kwenye mteremko. Fundi wa ile gereji ya kwanza kanipigia simu ananiambia hiyo sasa ndio lazima tushushe. Jumapili tunaanza na springi za seleka, zile zinazoshikilia gia isichomoke, zinafikika juu kwa juu.