Uzoefu wangu Amani, Usambara Mashariki: nendeni mkalale

Sisi watu wa Tanga tukitaka matembezi tunakimbilia Pangani au Lushoto. Amani, hifadhi ya msitu iliyoko milimani juu ya Muheza, wengi tunaijua kwa jina tu, kwa kuwa ndugu aliwahi kufanya kazi kwenye mashamba ya chai. Mimi nimepanda mlimani, nikalala, na nasema wazi: kwa mpenda msitu, Amani inaishinda Lushoto. Sharti usiende asubuhi ukarudi jioni, maana utaambulia barabara tu.

Kutoka Muheza ni kama kilomita 35, lakini usizipigie hesabu ya lami. Basi linajaza magunia na abiria, linapita kwenye michungwa, hadi geti la Sigi unapolipia kiingilio. Jengo la pale lilikuwa stesheni ya reli ya Wajerumani, waliyoijenga kushushia mbao. Kuanzia hapo ni kona juu ya kona, na joto la pwani unaliacha chini. Masika, kuanzia Machi hadi Mei, gari dogo lisahau kabisa.

Hifadhi hii ya Mazingira Asilia ilitangazwa mwaka 1997, ya kwanza ya aina yake nchini. Usitegemee tembo wala simba. Utaona mbega na kima, na kama una subira, ndege wengi. Kilichonikaa moyoni ni matembezi ya usiku. Kijana wa kijijini aliyetuongoza alikuwa anamulika tochi kwenye vichaka vya chini, anasimama, anasema "huyo hapo," nasi hatuoni kitu. Kumbe kinyonga akilala rangi yake hupauka, kwa hiyo kwenye mwanga anang'aa kuliko majani. Mmoja alikuwa mdogo kama kidole, kakunja mkia, ukimtazama mchana utaapa ni jani kavu. Bila mwenyeji tungepita njia ile yote tukidhani haina kitu. Chukueni mwongozaji wa pale pale, na mumlipe vizuri.

Bustani ya mimea ilianzishwa na Wajerumani mwaka 1902, na miti yao ya majaribio bado imesimama. Mmoja wao, msizi, ulitoka bustanini ukaingia msituni, ndege aina ya hondohondo wakila matunda na kusambaza mbegu, na sasa umeota hadi pale palipotakiwa kuwa na miti ya asili. Hilo lilinihuzunisha, kwa sababu maji ya bomba tunayokunywa Tanga ni ya Mto Sigi, na Sigi inatoka kwenye msitu huu.

Vijijini ndiko ningependa mkae zaidi. Mama mmoja alitupeleka shambani kwake. Nilikuwa natazama juu kutafuta matunda, akaniambia, "Mwanangu, iliki haitafutwi juu, inama." Kweli, maua na punje hutoka chini kabisa, kwenye vikonyo vinavyotambaa ardhini, na huchumwa moja moja mgongo ukiwa umepinda. Tangu siku hiyo bei ya iliki sokoni sijailalamikia tena. Zao hili linapenda kivuli cha miti mikubwa, kwa hiyo watu hulilima msituni, na hapo ndipo ugomvi wa wakulima na hifadhi ulipo: pale Derema watu walitolewa mashambani ili vipande vya msitu viunganike, na jambo hilo bado linazungumzwa kwa uchungu. Wengine walikuwa wakifuga vipepeo na kuwauza nje wakiwa bado kwenye gamba, mpaka serikali ilipozuia kusafirisha wanyama hai mwaka 2016. Kwa hiyo iliki, mdalasini na pilipili manga nunueni mikononi mwao.

Malazi ni ya kawaida. Nyumba ya wageni tuliyofikia ilikuwa safi, ila maji ya moto tuliahidiwa jioni yakaja asubuhi, na chakula cha usiku kilichelewa mno. Siku iliyofuata tulikula kwa mama ntilie, bada la moto, yaani ugali wa muhogo, na samaki wa nazi, tukaridhika.

Bebeni sweta, tochi, viatu vyenye meno na fedha taslimu. Basi la kushuka huondoka mapema sana, basi muulizeni kondakta jioni yake, na mwambieni mmelala wapi ili awapigie honi.