Risiva ya bei nafuu kwa sinema ya sebuleni: ipi ya kwanza, ipi ya mwisho

Ingia duka la vifaa vya muziki Kariakoo uulizie risiva, yaani amplifaya inayopokea picha na sauti, ikapeleka picha kwenye TV na sauti kwenye spika, uone utakavyozungushwa. Kwanza utaonyeshwa sabufa yenye taa za rangi, kisha homthieta ya kasha moja, na ukizidi kukaza ndipo linashushwa boksi jeusi lisilo na spika hata moja, matundu tele mgongoni na vumbi juu. Muuzaji hana kosa. Risiva haitoki haraka, ni ghali kuliko sabufa, na ukifika nayo nyumbani haitoi hata mlio mpaka ununue spika. Lakini kati ya hizo tatu ndiyo pekee unayoweza kuijenga kidogo kidogo: mwaka huu spika mbili za mbele, mwakani ya katikati, sabufa ikipatikana hela, na siku ukibadilisha TV, risiva inabaki palepale.

Mpangilio wa hapa chini ni wangu, ila umesimama juu ya mambo ambayo wenye mashine hizi huyarudia sana, sifa kwa malalamiko. Zenye Dolby Atmos, ule mfumo wa sauti inayotoka hadi juu ya kichwa, nimeziweka kando. Bei yake inapanda daraja jingine, na spika zake za juu zinataka dari ya kueleweka. Bajeti ndogo ipewe chaneli tano (njia za sauti, kila moja na spika yake) za uhakika kuliko saba za kubahatisha.

Kabla ya jina, tazama volti

Tanzania tunatumia volti 230, Kenya 240. Risiva ya soko la Marekani ni ya volti 120, ya Japani 100. Ukiichomeka hivihivi ukutani, fyuzi inakatika kama una bahati, na transfoma inaungua kama huna. Kwa hiyo shemeji aliye Houston akisema ameiona kwenye ofa, usifurahie bei kabla hajakutumia picha ya lebo ya mgongoni. Transfoma ya kushusha umeme ipo, lakini inabidi iwe na uwezo unaozidi matumizi yaliyoandikwa kwenye lebo hiyo, na zile za bei ya kutupa huvuma mpaka filamu ya kimyakimya inageuka kero. Mashine za Uingereza na Dubai hazina shida hii. Hata plagi ni ileile ya pini tatu bapa.

Wati za kwenye kasha

Kasha la Sony STR-DH590 linasema wati 145 kwa kila chaneli. Soma maandishi madogo: hapo inapigwa chaneli moja tu, kwa omu 6 (ukinzani wa spika), kwa mlio mmoja wa kilohezi 1, na upotoshaji wa sauti wa asilimia 0.9. Pima chaneli mbili kwa pamoja, kwa masafa yote ya hezi 20 hadi 20,000, na mashine hiyohiyo inashuka hadi wati 90. Hakuna aliyedanganya, yote yameandikwa. Ni sisi tunaokimbilia namba kubwa. Yamaha RX-V385 kwa kipimo hicho cha pili inatoa wati 70. Sikioni, tofauti ya 70 na 90 ni kama desibeli 1, yaani kitu ambacho watu wawili wakikaa kochi moja watabishana kama kipo.

Spika ndiyo inayobadilisha hesabu. Chukua yenye unyeti (sauti inayotoka kwa wati moja) wa desibeli 90 na nyingine ya 84, zipe wati sawa: ile ya pili itahitaji nguvu mara nne ili imfikie mwenzake. Kama una hela ya ziada, usiiongeze kwenye risiva. Na zile wati elfu kumi za PMPO, eti za kilele, za kwenye sabufa ni urembo wa kasha.

1. Yamaha RX-V385

Ni mashine ya mwaka 2018, chaneli 5.1 (spika tano na sabufa moja), HDMI nne za kuingiza na moja ya kutoa, 4K yenye HDR (mwanga na giza vyenye kina zaidi) pamoja na Dolby Vision ya familia hiyohiyo, na ARC ya kurudisha sauti kutoka kwenye TV. Haina Wi-Fi, muziki wa simu unapita kwa Bluetooth. Kwenye karatasi haiipiti Sony kwa lolote la kutisha. Nimeiweka juu kwa sababu ya YPAO, mfumo wake wa kupima chumba, ambao ndio wenye nayo wengi huanza kuutaja.

Ndani ya kasha kuna maiki ndogo yenye waya mrefu. Unaiweka pale unapokaa, usawa wa masikio, juu ya kitu kisichotikisika, unaichomeka mbele ya mashine na kuanzisha kipimo. Kila spika inatoa mvumo wake kwa zamu, na risiva inahesabu umbali, ukubwa wa sauti na namna chumba kinavyoibadilisha. Vyumba vyetu vina sakafu ya vigae, kuta tupu na madirisha ya vioo. Sauti inadunda kama kwenye tanki. Baada ya kupima, maneno ya waigizaji yanatoka wazi pale ambapo kabla ulikuwa unapandisha sauti ili usikie wanachosema, halafu bomu likilipuka unakimbilia rimoti. Zima feni kwanza. Feni ya dari inayumbisha kipimo, na jenereta ya jirani vilevile. Ukiweza, subiri saa tano usiku mtaa utulie.

Malalamiko yake ni ya kawaida kwa daraja hili: hakuna Wi-Fi, hakuna Atmos, na imekaa sokoni muda mrefu kiasi kwamba mpya haipatikani kila duka. Ukiona iliyofungwa bado na lebo ni ya volti zetu, usisubiri mwezi ujao.

2. Sony STR-DH590

Nayo ni ya 2018, chaneli 5.2 (matundu mawili ya sabufa), ina HDMI nne kwa moja kama mwenzake, ARC, na Bluetooth. Anayenunua risiva kwa mara ya kwanza na hapendi kusoma vitabu vya maelekezo, hii ndiyo yake. Ina maiki yake ya kupimia, inamaliza haraka, na sauti inatoka imejaa. Watu wa besi wanaipenda. Kitu kingine ambacho hakisemwi sana ni kimo: haifiki sentimita 14, kwa hiyo inaingia kwenye stendi nyingi za TV ambazo Yamaha ingegoma.

Isipokuwa usiibane. Risiva hupumulia juu, na kwa joto la Dar ikikosa nafasi juu yake itajizima yenyewe katikati ya filamu. Usiweke king'amuzi juu yake, usiweke kitambaa cha kufumwa. Mende na mijusi wanapenda sana joto la ndani ya mashine hizi. Fundi yeyote atakuonyesha.

Lalamiko linalojirudia kwa wenye Sony ni mashine kuandika PROTECT na kukata sauti. Mara nyingi si ubovu. Angalia waya za spika mgongoni: uzi mmoja tu wa shaba, mwembamba kama unywele, ukitoka kwenye tundu la chanya ukagusa la hasi, mashine inajikinga. Chomoa umeme, menya waya upya kiasi cha sentimita moja, zisokote nyuzi zote ziwe kitu kimoja, ndipo uzirudishe.

3. Denon AVR-X580BT

Hii ilikuja 2022, chaneli 5.2, na inapitisha picha ya 8K na ile ya 4K yenye fremu 120 kwa sekunde, pamoja na eARC, ARC iliyoboreshwa. Mwenye PS5 au Xbox Series X na TV inayoziweza fremu hizo, aipandishe hadi namba moja bila kunisikiliza. Wengine wote watakuwa wanalipia bomba ambalo hawana maji ya kupitisha.

Angalizo moja kubwa: dada yake wa soko la Marekani anaitwa AVR-S570BT. Kwa sura ni mapacha, kwa umeme siyo. Ukiambiwa "ni ileile, bosi", rudi kwenye lebo.

4. Mtumba wa volti 230

Hapa ndipo penye vinono na pia majuto. Risiva ya daraja la kati ya miaka michache iliyopita, kutoka Uingereza au Dubai, inaweza kukupa transfoma nzito na matundu ya spika ya kufunga kwa skrubu kwa hela pungufu ya mpya ya daraja la chini. Tatizo ni HDMI. Kwa picha ya 4K yenye ulinzi, kila kifaa njiani lazima kiwe na HDCP 2.2, kufuli la kuzuia kunakili, na risiva nyingi za kabla ya 2014 hazina. Utaona skrini nyeusi au picha iliyoshushwa. Ukikuta Onkyo za kati ya 2009 na 2012, uliza mara mbili: nyingi zilisumbua bodi ya HDMI kiasi kwamba kampuni yenyewe ilifungua mpango wa kuzitengeneza bure, na ulifungwa mwisho wa 2018. Kampuni iliyokuwa ikizitengeneza iliomba kufilisika Mei 2022, ingawa jina bado linauzwa na wengine.

Usilipe kabla hujaijaribu hivi. Chomeka kitu kwenye kila tundu la HDMI, moja baada ya jingine. Piga kila chaneli peke yake, maana muuzaji atakuwekea muziki wa spika mbili na tatu nyingine huzisikii. Zungusha kitufe cha sauti taratibu: kikikwaruza au namba zikirukaruka, punguza bei au ondoka. Iache iwake nusu saa huku mnapiga soga, kisha weka mkono juu. Joto ni sawa, harufu ya kuungua siyo. Ulizia maiki na rimoti. Inyanyue pia. Hata hizo mpya za chaneli tano zina kilo zipatazo 7. Boksi kubwa lenye uzito wa pasi ni la kutilia shaka.

5. Homthieta ya kasha moja

Inauzwa sana na inapendeza siku ya kwanza. Naiweka mwisho kwa sababu ya siku itakapokufa. Spika zake mara nyingi ni za omu 3 au 4, wakati Yamaha na Sony za hapo juu zinataka kuanzia 6, kwa hiyo ukisema utanunua risiva baadaye utumie spika hizo, unaitafutia mashine homa. Sabufa yake nayo mara nyingi haina amplifaya ndani, na risiva haitoi umeme wa sabufa. Inatoa mawimbi ya sauti yasiyo na nguvu ya kusukuma spika, kwa tundu dogo la duara la RCA. Mtu anaunganisha, haisikii, anarudisha risiva dukani akisema mbovu. Sabufa ya risiva lazima iwe na waya wake wa kwenda ukutani.

Kuhusu flashi

Mnunuzi wa kwetu atauliza tu: inasoma flashi? Yamaha na Sony zinasoma, lakini muziki peke yake. Muvi za kwenye flashi utazichezea kwenye TV, sauti irudi kwa ARC, au kwa waya wa optiko ule wenye mwanga mwekundu kama TV ni ya zamani. Hapo utakutana na kituko kimoja: picha inacheza vizuri, sauti hakuna. Faili hilo lina sauti ya DTS, mfumo unaoshindana na Dolby, na TV za Samsung za kuanzia 2018 haziisomi; LG nazo ziliiacha kwa miaka kadhaa kuanzia 2020. Risiva yako inaijua DTS vizuri kabisa, ila TV imeizuia mlangoni. Tafuta nakala yenye sauti ya Dolby, au nunua kisanduku cha Android kinachoweza kutoa DTS bila kuigusa, ukichomeke kwenye HDMI ya risiva badala ya ile ya TV.