Diploma ya upishi Moshi: inalipa, ila mtori sikufundishwa

Nimemaliza diploma ya upishi kwenye chuo kimoja hapa Moshi, na kwa kuwa wengi mnaniuliza kama ada ile inalipa, jibu langu ni ndiyo. Ila kuna jambo linaniuma.

Kupika nilikuwa najua. Mama yangu ni mama lishe, ndizi nimemenya kabla sijajua kusoma. Nilichokosa ni kujua sababu. Mwaka wa kwanza mwalimu alitupa kipimajoto tupime maji yanayotokota: digrii 97, wala si 100. Mwenzetu mmoja, mpishi wa safari za Mlima Kilimanjaro, akaruka: kumbe ndiyo maana kule kambi ya Kibo maharage hayaivi hata ukeshe nayo! Kwenye mita 4,700 hivi hewa ni nyepesi, maji yanachemka kwenye digrii 84 au 85, basi moto uongeze uwezavyo, joto la sufuria halipandi. Kaka yule sasa hapandi bila presha kuka.

Somo la gharama nalo lilinifungua macho. Nilipima ndizi za mshare kilo 10, nikamenya, nikapima tena: kilo 6 na kidogo. Miaka yote mama alikuwa anapanga bei ya sahani kama vile na maganda yanaliwa. Tumeshairekebisha.

Sasa linaloniuma. Supu za Kifaransa tumepika muhula mzima, mtori, supu yetu Wachaga ya ndizi na nyama, hata siku moja. Ile supu yao ya velouté inashikwa na unga uliokaangwa kwenye siagi. Mtori hauhitaji unga: unachemsha nyama ya mfupa mpaka mchuzi ukolee, unatia mshare ulizoziloweka zisiwe nyeusi, zikiiva unaziponda kwa mwiko, na wanga wa ndizi wenyewe unashika. Ni ufundi kamili, na ndicho chakula anachopewa mzazi uchagani apate nguvu na maziwa. Kiburu na kitawa, vyakula vingine vya Kichaga, navyo havikutajwa. Nilipokwenda mafunzo ya vitendo hotelini, wageni walitaka chakula cha Kichaga, na kati ya wanachuo wanne niliitwa mimi, kwa mafunzo ya mama. Chuo kilicho chini ya mlima huu hakina udhuru.

Vitendo pia vilibanwa. Tulikuwa wanafunzi 12 kwa jiko moja, na gesi ikiisha kipindi kinageuka cha kuandika. Kwa hiyo kabla ya kulipa, nenda chuoni siku ya vitendo ukaone kwa macho. Uliza usajili wa NACTVET, baraza la serikali linalosimamia vyuo vya ufundi, uliza wanakupeleka hoteli gani, na uliza kama sare na visu vimo ndani ya ada. Kwetu havikuwemo, tukaambiwa wiki ya pili tukiwa tumeshalipa. Visu vyangu vilinunuliwa kwa mkopo wa kikoba cha mama, na hadi leo tunaulipa.