Fremu ya kutembelea baada ya upasuaji wa nyonga: miezi minne ya matumizi Tabora

Ni fremu ya kawaida ya alumini, miguu minne, haina magurudumu, inakunjika. Anaitumia mama, aliyewekewa chuma kwenye nyonga. Naipa nyota nne kati ya tano.

Kwa mzee aliyevunjika, maumivu yakipungua hofu ya kuanguka hubaki. Basi anakaa tu, mapaja yanaisha nguvu, akisimama miguu inatetemeka, na kule kutetemeka kunamfanya aamini kweli ataanguka. Fremu iliyorekebishwa vibaya inazidisha hofu hiyo, kwa hiyo anzeni na urefu. Asimame na viatu atakavyotembelea, mikono ining'inie. Vipini vije usawa wa mkunjo wa kifundo cha mkono. Akishika, kiwiko kikunjike nyuzi 15 hadi 30. Ikiwa juu mno mabega yanapanda na mikono inakosa nguvu ya kusukuma. Ikiwa chini anainama, uzito unamwenda mbele. Hesabu matundu ya kurekebishia kwenye miguu yote minne, usikadirie kwa macho, na hakikisha kila kitufe kimetokeza kabisa. Mguu mmoja ukipishana tundu moja tu, fremu inacheza, na mzee atalihisi hilo kabla yako.

Kutembea: fremu mbele, mguu uliopasuliwa, kisha mguu mzima. Asikaribie mno upau wa mbele, anaweza kuanguka kinyumenyume. Kiasi cha uzito wa kukanyagia anapanga daktari, msijiongezee. Akiinuka asukume kiti kwa mikono. Fremu ni nyepesi mno, akiivuta itamfuata.

Nyota niliyokata ni ya raba za miguuni. Uwanja wetu ni mchanga mtupu, kama nyumba nyingi hapa Tabora, na raba ndogo zinazama, mguu mmoja ukizidi mwenzake. Tulimwaga changarawe kutoka mlangoni hadi chooni, tukaishindilia, upana sentimita 90 ili fremu ipite na mtu abaki pembeni. Msimu wa maembe fagieni njia hiyo asubuhi na jioni, ganda moja linatosha kumwangusha. Ndani kuna hatari nyingine ambayo wengi hawaioni: chembe za mchanga zilizoganda kwenye raba zikikutana na sakafu ya saruji iliyong'arishwa, fremu inateleza kama imekanyaga ulezi. Wekeni kitambaa chenye unyevu mlangoni, raba zifutwe kila anapoingia. Kanga aifunge juu ya kifundo cha mguu, na kandambili ziwekwe mbali kabisa.

Kuhusu hofu yenyewe, kilichosaidia ni umbali mfupi unaorudiwa: kitandani hadi mlangoni, kama mita 3, mara kadhaa kwa siku, kiti kikiwa kando, nusu ya njia. Kukiona tu kile kiti kunampa moyo hata asipokikalia. Msaidizi asimame upande wa mguu mbovu, nyuma kidogo, bila kumkamata mkono. Na jamani, wageni wakatazwe kusema "angalia mama, utaanguka!" Anakaza mwili mzima na hatua inakatika. Mwambieni hatua inayofuata: "fremu, haya, mguu."

Raba za akiba nunueni mapema, alama za chini zikianza kufutika badilisheni zote nne. Pimeni kwanza unene wa bomba la mguu kwa milimita, maana raba pana kidogo inabaki mchangani mzee akiwa ameshainua fremu.