TAHADHARI: websaiti za biashara zetu hapa Tanga zinakurusha kwenye "umeshinda simu"

Wanatanga habari za saa hizi. Ukiingia kwenye websaiti ya gesti, shule au duka unalolijua kabisa, mara ukurasa ukaruka wenyewe ukakuletea HONGERA MTEJA UMECHAGULIWA, funga hapohapo usibonyeze kitu. Mama mdogo wangu wa Makorora alikuwa anatafutia wageni wa harusi vyumba Raskazone, akaingia kwenye websaiti ya gesti moja, akaletewa maboksi ya zawadi achague. Akafungua la kwanza tupu, la pili simu mpya ya bei mbaya, akanipigia anashangilia. Yani hata ungeanza na boksi gani la kwanza litakuwa tupu na linalofuata litakuwa na simu, limepangwa hivo ili uone umebahatika. Chini kuna watu wanashukuru "nimepokea ya kwangu leo", kumbe ni maandishi tu yamebandikwa, na juu kuna saa inarudi nyuma usipate muda wa kumuuliza mtu. Halafu unaambiwa sambaza kwenye magrupu ya WhatsApp mpaka mstari ujae, ukijaa wanataka hela kidogo ya kusafirishia mzigo, jaza namba za kadi ya benki na zile tatu za nyuma. Hiyo hela kidogo wala hawana shida nayo, shida yao ni kadi.

Sasa naona kwenye magrupu watu wanamtukana mwenye gesti eti katapeli. Jamani mwacheni, na yeye kaingiliwa. Websaiti ni yake kweli ila kuna watu wamepachika kodi yao ndani (code, maelekezo ya kompyuta, siyo ya serikali), na ile kodi ina akili, inaangalia kwanza unatumia simu au kompyuta, umetokea Google au umeandika anwani mwenyewe, ushawahi kuja au ndo mara ya kwanza. Wa kwenye simu aliyetokea Google anarushwa, akirudi baadaye anaona kila kitu kiko sawa kwa sababu ishamwekea alama. Mwenyewe akifungua kwenye kompyuta ya ofisini anaona vyumba vyake na picha za bahari kama kawaida, basi anamwambia mteja muongo, mteja anamwambia mwizi, na wote wanasema kweli. Yule bwana nilimwambia achukue simu, azime waifai atumie data, afungue dirisha la siri kwenye brauza, atafute jina la gesti Google halafu abonyeze. Boksi hilo hapo! Alinyamaza kabisa.

Ninayetaka mumjue zaidi ni fundi. Kuna kijana anapita Ngamiani mpaka Chumbageni anauza websaiti kamili na hostingi (sehemu ya kuihifadhi mtandaoni) kwa bei ya kutupa, na anaweza kuuza bei hiyo kwa sababu themu (muonekano wa websaiti) na plagini (vipande vya kuiongezea kazi) za kulipia hazinunui, anashusha zilizovunjwa bure mtandaoni, na hizo nyingi zinakuja na mlango wa nyuma tayari, yani njia ya siri ya wezi kuingilia. Ikianza kurusha wateja anakuja "kusafisha" kwa hela nyingine, anafuta mstari unaoonekana, mlango anauacha, ikirudi analipwa tena. Niliingia mwenyewe kwenye hiyo ya gesti nikakuta admini ambaye hakuna anayemjua, na kwenye folda la picha kuna faili la PHP (faili la programu) lina jina la kujifanya la WordPress, ile programu inayoendesha websaiti yenyewe. Folda la picha linatakiwa liwe na picha, PHP inafanya nini humo? Na kibaya zaidi domeni, yani anwani ya websaiti, kaandikisha kwa jina lake yeye, mwenye biashara hana hata paswedi.

Ila tusimwonee kila fundi. Kuna mashambulizi wanayaita Balada Injector, yapo tangu 2017, yanatafuta plagini zenye matundu. Mwaka 2023 walipitia tagDiv Composer, ile inayokuja na themu ya Newspaper, na mwezi wa tisa tu zilionekana websaiti zaidi ya 17,000 zimeambukizwa na Balada, zaidi ya 9,000 kati yake kupitia tundu hilo. Humo walikuwemo watu walionunua themu yao kihalali, ila apdeti hawakuweka.

Mwenye websaiti, kabla hujamlipa mtu kusafisha muulize risiti ya themu iko wapi. Dai paswedi zote, na domeni iwe kwa jina lako. Fundi anayejua kazi hatafuta mstari mmoja akaondoka, atatoa vya wizi vyote, ataweka mafaili ya WordPress mapya, atakagua .htaccess (faili linaloweza kurusha wageni kwingine) na orodha ya watumiaji, atabadili paswedi mpaka ya database, halafu ataunganisha Google Search Console, ile huwa inakuonyesha Google wakigundua websaiti yako imeingiliwa. Bakapu nayo angalia ni ya lini, ukirudisha ya baada ya kuingiliwa umewarudisha na wenyewe.

Na wewe uliyeshabonyeza: kama ulijaza kadi piga benki sasa hivi waifunge, usisubiri asubuhi. Kama ukurasa uliomba kukutumia notifikesheni ukabonyeza Ruhusu, ndo maana simu inakuletea vitangazo vya ushindi kila saa, nenda mipangilio ya brauza, sehemu ya notifikesheni, ondoa websaiti zote usizozijua. Namba ya siri na kodi za SMS usimpe mtu hata akisema anatoka benki, na SMS za kitapeli zikianza kuingia zifowadi 15040 ya TCRA.

Jina la fundi siliweki hapa, sitaki kesi. Ila kama websaiti yako ilitengenezwa na kijana wa kupita dukani na domeni huna, njoo inboksi tuiangalie, kuangalia ni bure.