Hedifoni Zilizo Wazi Nyuma au Zilizofungwa?
Kwa upana wa sauti, zilizo wazi hushinda: Sennheiser HD 600, iliyotoka mwaka 1997, huiacha hewa ipite nyuma ya kiwambo, utando unaotetema kutoa sauti, hivyo ala husikika kana kwamba zimetawanyika chumbani badala ya kujazana kichwani. Lakini jirani yako naye husikiliza, apende asipende. Zilizofungwa, mfano Beyerdynamic DT 770 Pro, hupunguza kelele za nje na kuipa besi uzito, ingawa masikio hupata joto. Kwa gharama, ukinzani wa omu 300 wa HD 600, yaani jinsi inavyozuia umeme wa sauti kupita, huweza kukulazimu kununua amplifaya. Kwa matunzo, sponji za zote mbili hubadilishwa. Waya wa HD 600 huchomoka, nao wa DT 770 Pro ya awali haukutengenezwa hivyo. Mwenye chumba tulivu achukue zilizo wazi. Anayelala chumba kimoja na mwenzake, zilizofungwa.