Flashi ya mafundisho ya Nabii Eliya: nunua, ila somo la mjane liruke

Wapendwa, kuna hii flashi ya mafundisho ya maisha ya nabii Eliya inauzwa kwenye zile meza za nje ya kanisa ibada ikiisha, mimi nimechukua kwa elfu kumi na nimeisikiliza yote, nusu kwenye gari nusu jikoni nikipika. Mhubiri simtaji wala kanisa lake silitaji, maana ugomvi wangu ni na somo moja, siyo na mtu.

Nianze na sauti tuimalize. Inasikika vizuri, jenereta linanguruma kwa nyuma sehemu chache tu, ila masomo hayana majina ni namba tupu na redio yangu ikawa inayapanga inavyotaka, nikamkuta Eliya anapaa kwa upepo wa kisulisuli kabla hata hajaonana na mfalme Ahabu wa Israeli 😂 Panga mwenyewe kwenye kompyuta kabla hujaanza.

Mwanzo ameutendea haki kwelikweli. Anaeleza kwa nini adhabu ilikuwa ukame na siyo vita wala tauni, kwamba Baali, mungu wa kipagani, ndiye waliyekuwa wanamtegemea kwa mvua, na Yezebeli mke wa Ahabu ni binti wa Ethbaali mfalme wa Wasidoni, kaolewa na mungu wake mkononi, kwa hiyo Eliya kutangaza hakuna umande wala mvua ni kumgusa Baali palepale kwenye kazi yake. Halafu kijito cha Kerithi kinakauka, yaani nabii naye anabanwa na ukame uleule aliouomba, kunguru hawatoshi tena, na Mungu anampeleka wapi kula? Sarepta, kwenye nchi ya Sidoni, kwao Yezebeli! Hapo nilirudisha nyuma nikasikiliza tena.

Sasa somo la mjane ndo kaharibu. Ile "nifanyie kwanza mkate mdogo", Eliya alivyomwambia mjane wa Sarepta aliyebakiwa na unga kidogo tu, imegeuka sadaka ya mbegu, yaani toa ili uvune zaidi, mpe mtumishi kwanza hata kama ndo unga wa mwisho ndani na watoto wanakuangalia, na mwisho kabisa namba ya kutuma. Hapana bana. Soma 1 Wafalme sura ya 17 mpaka mwisho, Eliya alikula pipa lilelile na yule mama na nyumba yake, akaishi nao, mtoto alipokufa akambeba mpaka chumbani kwake juu akamlilia Mungu, na hakuna mahali ameomba hata senti. Na ule unga haukugeuka magunia ya kuuza, haukuisha tu mpaka mvua iliponyesha. Yesu mwenyewe anapomtaja huyu mama kwenye Luka 4 hoja yake ni kwamba wajane walikuwa wengi Israeli na nabii akatumwa kwa mgeni, matoleo hayapo kabisa. Hilo somo lirukeni.

Somo la mlima Karmeli, pale Eliya aliposhindana na manabii wa Baali moto ukashuka, kalipiga kwa kelele kama ilivyotarajiwa, sina neno, ila anasema manabii wote 850 waliuawa siku ile wakati maandiko yanataja waliokamatwa na kuchinjwa kijito cha Kishoni ni wa Baali, wale 400 wa Ashera, mungu wa kike, waliitwa ila baada ya hapo hawasikiki. Kitu kidogo, ila ukiwa mwalimu ufungue kitabu.

Kilichonifanya niandike yote haya ni masomo ya sura ya 19. Huyu mtu katoka kuona moto unaramba mpaka maji ya kwenye mfereji, kakimbia mbele ya gari la Ahabu mpaka Yezreeli, halafu ujumbe mmoja tu wa Yezebeli unamfikisha Beer-sheba, anamwacha mtumishi wake huko, anaingia jangwani mwendo wa siku moja anakaa chini ya mti wa mretemu anaomba afe, "yatosha". Na Mungu hamkaripii. Analala, anaamshwa anapewa mkate na maji, analala tena, anaamshwa tena ale kwa kuwa safari ni kubwa kwake. Huku kwetu mtu akisema amechoka na maisha anaambiwa afunge, Eliya aliambiwa ale. Mwalimu hapa anashusha sauti kabisa, anaongea na walezi wa watu waliokata tamaa, na anasema wazi kumpeleka mtu hospitali siyo kukosa imani.

Kule mlima Horebu pia anaona kitu ambacho wengi tunakipita. Eliya anaulizwa "unafanya nini hapa" kabla ya upepo, tetemeko na moto, na anaulizwa tena baada ya ile sauti ndogo ya utulivu, na jibu ni lilelile neno kwa neno, nimesalia mimi peke yangu. Muujiza haukumbadilisha. Mungu anampa kazi, akawatie mafuta Hazaeli na Yehu wawe wafalme na Elisha awe nabii, yaani anapata na mwenzake, na anaambiwa kuna 7,000 wasiompigia Baali magoti. Mimi naongezea kwamba Obadia, msimamizi wa nyumba ya Ahabu, alishamwambia sura moja nyuma kuwa kaficha manabii 100 mapangoni anawalisha, alisikia kwa masikio yake, ila mtu akiwa kwenye hali ile hata habari njema haiingii.

Nilichokosa ni Nabothi. Sura ya 21 nzima haipo! Mtu anakataa kumuuzia Ahabu shamba la urithi wa baba zake, barua zinaandikwa kwa muhuri wa mfalme, mashahidi wa uongo wawili, anapigwa mawe, na Ahabu yuko shambani kwenyewe amekwenda kulichukua ndo Eliya anamtokea, "Je! Umeua, ukatamalaki?" Kwa kesi za viwanja tulizonazo ndani ya koo zetu, tena nyingine za wazee wa kanisa, hilo ndo lingejaza ukumbi. Labda ndo maana halipo, sijui.

Nyota tatu na nusu kati ya tano. Elfu kumi inalipa kwa sura ya 19 peke yake, ila mwambie muuzaji aichomeke kwenye spika yake kwanza usikie, jirani yangu alipewa tupu.